Roketi ndogo hurudije ardhini salama? Tunaeleza kuanzia pua hadi mwavuli

Alasiri ya tarehe 30 Desemba 2024, pete kubwa ya chuma ilianguka kutoka angani katika kijiji cha Mukuku, kaunti ya Makueni, nchini Kenya. Kipenyo chake kilikuwa karibu mita 2.5 na uzito wake karibu kilo 500, yaani kama ng'ombe dume aliyenona. Hakuna aliyeumia. Shirika la Anga za Juu la Kenya lilisema kwa uchunguzi wa awali kwamba ni pete inayotenganisha vipande vya roketi ya kurushia vyombo angani.

Tangu tuliposoma habari ile hewani, swali linalorudi kwenye simu zetu ni moja. Kama binadamu ana akili ya kupeleka chuma juu kiasi hicho, ameshindwaje kukifunga mwavuli kishuke taratibu? Ni swali zuri, na jibu lake tutalifikia. Lakini tumeona njia rahisi ya kulielewa ni kuanza na roketi ndogo kabisa, ile ya kujifunzia, ambayo mtoto wa shule huko Marekani huijenga mezani kwa karatasi na gundi. Roketi hiyo hupanda mita mia kadhaa, hufungua mwavuli na hurudi mzima. Kesho inaruka tena.

Neno moja kabla hatujaendelea. Tutasema "mwavuli" na tutasema "parachuti", maana ni kitu kimoja. Tunaomba tu asitokee mtu wa kuandika parachichi, kama ilivyotutokea sisi wenyewe kwenye matangazo.

Muuza viatu na mhandisi

Roketi hizi zilianzia katika mji mdogo wa Norfolk, jimbo la Nebraska. Mwaka 1954 mwenye duka la viatu aitwaye Orville Carlisle, ambaye alipenda sana fataki, alimsaidia ndugu yake Robert. Robert alikuwa akirusha ndege za mfano na akifundisha watu habari za urukaji, akataka kitu cha kuonyesha jinsi roketi inavyofanya kazi. Orville akatengeneza injini ndogo ya karatasi iliyojazwa baruti, akaiweka ndani ya bomba jepesi lenye mapezi, na juu yake akapachika parachuti.

Mwaka 1957 alisoma makala ya G. Harry Stine, mhandisi aliyeshughulikia usalama kwenye uwanja wa majaribio ya makombora wa White Sands, jimbo la New Mexico. Stine alikuwa akilalamika kuhusu vijana waliokuwa wakijaza vichwa vya viberiti na kemikali ndani ya mabomba ya chuma, wakiziita roketi. Nyingi ya roketi hizo zilikuwa mabomu. Vijana walipoteza vidole, wengine macho, na wapo waliopoteza maisha. Carlisle akamtumia Stine roketi zake. Stine alizijaribu akaona kwamba hili ndilo jibu: kijana ajenge mwili wa roketi mwenyewe, lakini injini inunuliwe ikiwa tayari imetengenezwa kiwandani.

Oktoba ya mwaka huohuo Wasovieti walirusha Sputnik, na kila mtoto wa Marekani akataka roketi. Mahitaji yakazidi uwezo. Huko Denver, Colorado, kijana fundi aitwaye Vern Estes akaunda mashine ya kushindilia baruti ndani ya injini, akaipa jina la kike, Mabel. Kampuni yake baadaye ilihamia mji wa Penrose katika jimbo hilohilo, na jina lake bado liko kwenye roketi nyingi za kujifunzia hadi leo.

Wazo la Carlisle na Stine la kutenganisha mwili na injini ndilo msingi wa usalama wa mchezo huu. Ukilisahau hilo, mengine yote tunayoeleza hapa hayana maana.

Viungo vya roketi

Tuichukue roketi moja inayopendwa na wanaoanza, Alpha III ya kampuni ya Estes. Urefu wake ni sentimita 31 hivi, unene ni wa sentimita mbili na nusu, na ikiwa haina injini ina gramu 34 tu. Yai la kuku ni zito kuliko hiyo.

Mwili ni bomba la karatasi ngumu iliyoviringishwa, kama lile bomba la katikati ya karatasi za chooni, ila jembamba zaidi na gumu zaidi. Juu yake hukaa pua, ya plastiki au ya mti mwepesi sana uitwao balsa. Pua haigundishwi. Imechomekwa tu, ikibana kiasi cha kutodondoka ukiipindua roketi, lakini ikilegea kiasi cha kuchomoka ikisukumwa kutoka ndani. Hilo ni jambo dogo lenye maana kubwa, kwa sababu pua ndiyo mlango ambao mwavuli utatokea.

Chini kuna mapezi, matatu au manne. Mtu aliyewahi kuchonga mshale hahitaji maelezo marefu hapa. Mshale una uzito mbele, kwenye chembe, na manyoya nyuma. Ukienda upande, upepo hukamata manyoya na kuurudisha kwenye mstari. Roketi ni hivyohivyo. Kitovu cha uzito wake lazima kiwe mbele ya mahali ambapo nguvu za hewa zinakutana, na wazoefu hupenda nafasi kati ya viwili hivyo iwe angalau sawa na unene mmoja wa roketi. Miaka ya 1960 James Barrowman, mhandisi wa NASA aliyekuwa pia mpenzi wa roketi ndogo, aliandika njia ya kulipiga hesabu hilo kwa kalamu. Asiyependa hesabu ana njia nyingine: unaifunga roketi kamba mahali inapokaa sawa kama mizani, ikiwa na injini na mwavuli ndani, kisha unaizungusha kichwani kama teo. Pua ikitangulia, itaruka vizuri. Ikitangulia mkia au ikipindapinda, usiirushe kabla hujaongeza uzito puani au ukubwa wa mapezi.

Ubavuni kuna kijibomba kidogo kama kipande cha mrija wa soda. Hicho hupita kwenye fimbo ya chuma ya kurushia, yenye unene wa milimita tatu hivi na urefu unaokaribia mita moja. Kazi ya fimbo ni kuishika roketi katika ile nusu sekunde ya mwanzo. Mapezi hayana kazi mpaka hewa iwe inapita kwa kasi, kwa hiyo roketi iliyoanza tu kuondoka ni kama mtoto anayejifunza kutembea, inahitaji kushikwa mkono.

Ndani ya bomba, upande wa chini, kuna fremu ya kushikilia injini isichomoke wala isipande juu. Na upande wa juu kuna kamba ya mpira inayounganisha mwili na pua. Tutaikuta tena.

Injini yenye saa ndani yake

Injini ya kawaida ni mzinga mdogo wa karatasi ngumu, urefu wa sentimita saba, unene wa milimita 18. Ni kama betri ya tochi iliyorefushwa kidogo. Imefungwa chini kwa udongo mgumu wenye tundu dogo, na moshi na moto hutokea hapo. Juu ya udongo kuna baruti iliyoshindiliwa, nayo ndiyo inayosukuma roketi. Sehemu hiyo haina ajabu sana. Ajabu iko kwenye tabaka mbili zinazofuata.

Baruti ya msukumo ikiisha, moto unaingia kwenye tabaka la pili, ambalo huungua polepole na kutoa moshi tu bila kusukuma chochote. Hapo roketi inaendelea kupanda kwa kasi iliyokwisha kuipata, kama baiskeli uliyoacha kuipiga pedeli lakini bado inateleza. Kadiri inavyopanda ndivyo inavyopungua kasi, na ule mkia wa moshi unamsaidia mtazamaji kuiona iko wapi. Tabaka hilo likiisha kuungua, moto unafika kwenye tabaka la tatu, unga wa baruti usioshindiliwa. Huo hulipuka kuelekea juu, ndani ya bomba la roketi. Gesi hujaa ghafla, pua huchomoka, mwavuli hutupwa nje.

Kwa hiyo ndani ya kigunzi kile cha karatasi kuna saa. Haina betri, haina gurudumu, ni unga unaoungua kwa mwendo unaojulikana.

Kila injini huandikwa alama ubavuni, kwa mfano C6-5. Herufi inaeleza jumla ya nguvu iliyomo, na kila herufi inayofuata ni mara mbili ya iliyotangulia: B inaweza kuwa na hadi mara mbili ya A, na C hadi mara mbili ya B. Namba ya kwanza ni wastani wa msukumo, kwa kipimo cha nyutoni. Namba ya mwisho ndiyo inayotuhusu leo, nayo ni sekunde za kusubiri. Injini ya C6-5 huungua kwa muda usiofika sekunde mbili, kisha husubiri sekunde tano, ndipo hufyatua mwavuli.

Kwa nini isisubiri sekunde mbili, au kumi? Hapa ndipo wengi wanaoanza wanapoharibu roketi zao. Mwavuli unatakiwa ufunguke pale juu kabisa, kileleni, mahali ambapo roketi imemaliza kupanda na haijaanza kushuka. Wakati huo kasi yake iko karibu na sifuri. Ukifunguka mapema, roketi bado inakwenda mbio, na upepo huupasua mwavuli au kukata nyuzi. Mara nyingine ile kamba ya kuunganisha hulichana bomba la karatasi kwa urefu, kama zipu. Ukifunguka kwa kuchelewa, roketi imeshageuka na inarudi kichwa chini kama mkuki. Mwavuli ukifunguka hapo unapasuka, na usipofunguka kabisa pua inajichimbia ardhini. Watu husikitikia roketi. Sisi tunafikiria zaidi yule aliyesimama chini yake.

Mwavuli, nyuzi na karatasi za kinga

Mwavuli wa roketi ndogo ni duara au umbo la pembe nyingi, la plastiki nyembamba au kitambaa chepesi, lenye nyuzi sita au nane. Nyuzi zote hukutana na kufungwa kwenye pua. Pua nayo imeunganishwa na mwili kwa ile kamba ya mpira tuliyoitaja. Mlipuko ukitupa pua nje, mpira hunyumbuka na kumeza ule mshtuko, badala ya kila kitu kukatika kwa pamoja. Wengi huikata kamba hiyo fupi mno kwa sababu inaonekana nadhifu. Kamba fupi hurudisha pua kwa nguvu na kuupiga mwili, ukabaki na kovu pembeni ya bomba. Angalau mara mbili au tatu ya urefu wa roketi ni salama zaidi.

Katikati ya mwavuli mkubwa hutobolewa tundu dogo. Linaonekana kama kosa, kumbe lina kazi. Hewa iliyonaswa chini ya mwavuli isipopata njia hutokea pembeni, mara upande huu mara upande ule, na mwavuli huanza kuyumba kama ndoo kwenye kamba. Tundu linaipa hewa njia ya kati, mwavuli unatulia.

Kuukunja nako kuna ufundi wake. Unakunjwa mara kadhaa uwe pembe ndefu, unaviringishwa kwa ulegevu, nyuzi zinazungushwa juu yake kidogo tu. Ukiubana sana utatoka kama donge na utashuka kama donge. Plastiki iliyokaa ndani ya bomba usiku kucha, hasa kwenye baridi, hujishikamanisha, ndiyo maana warushaji huinyunyizia poda ya watoto kabla ya kuikunja. Pia huukunja dakika chache kabla ya kurusha, si siku moja kabla.

Baina ya injini na mwavuli huwekwa karatasi za kinga, laini kama karatasi ya chooni lakini zilizotiwa dawa ili zisishike moto. Ule mlipuko wa kufyatua una moto wa kweli. Pasipo kinga, plastiki huyeyuka na kuwa fundo, na mwavuli hauna kazi tena. Na mtu akitumia karatasi ya kawaida kwa kubana matumizi, kipande kinachoungua kitaelea na kutua kwenye majani makavu. Wakulima na wafugaji wanaotusikiliza wanajua nini hufuata mwezi wa Septemba. Kanuni za chama cha warushaji roketi cha Marekani zinataka kinga isiyoshika moto, na zinakataza kurusha mahali penye majani makavu karibu na kituo.

Hesabu kidogo ya kushuka

Mwavuli mkubwa zaidi ni bora zaidi? Siyo lazima. Tuchukue roketi yenye gramu 50 ikiwa na injini iliyokwisha kuungua, na mwavuli wa kipenyo cha sentimita 30. Itashuka kwa kasi ya karibu mita 4 kwa sekunde. Kasi hiyo ni sawa na kuiangusha kutoka juu ya meza. Karatasi na gundi vinahimili hilo bila shida.

Ukiukata mwavuli nusu, kipenyo kiwe sentimita 15, kasi inakuwa mara mbili, karibu mita 8 kwa sekunde. Sasa ni kama kuiangusha kutoka juu ya paa la nyumba, na pezi moja litavunjika.

Basi tuongeze kipenyo kiwe sentimita 45. Kasi inashuka hadi mita 2.6 kwa sekunde, inatua kama unyoya. Lakini hebu tuangalie upepo. Tuseme mwavuli umefunguka mita 300 juu, na upepo ni wa mita 3 kwa sekunde, ule wa kutikisa majani tu. Mwavuli wa sentimita 30 utakaa angani sekunde 75 na utasukumwa mita 225. Ule wa sentimita 45 utakaa karibu dakika mbili na utakwenda kama mita 345. Ukiwa na uwanja wa mpira, huo wa pili umeshavuka shule, umevuka barabara, uko kwenye mahindi ya jirani au juu ya nyaya za umeme.

Warushaji wa Marekani wana utani kuhusu "mti unaokula roketi", maana kila uwanja una mti mmoja ambao roketi huufuata kama nyuki. Kanuni zao hazina utani, hata hivyo: roketi iliyonasa kwenye waya wa umeme au kwenye mti mrefu huachwa hukohuko. Hakuna roketi ya karatasi yenye thamani ya mtu.

Kwa hiyo siku ya upepo mtu mwenye busara huchagua mwavuli mdogo zaidi au injini dhaifu zaidi, na upepo ukizidi kilomita 32 kwa saa hafungui hata sanduku.

Wapo wasiotumia mwavuli kabisa

Roketi nyepesi sana hutumia utepe, kitu kirefu chembamba kama kitambaa cha kufungia zawadi, ambacho urefu wake ni mara kumi ya upana hivi. Utepe hupepea na kupunguza kasi bila kuipeleka roketi mbali. Nyingine ndogo zaidi hutupa injini nje na kubaki zikibiringika hewani kama jani kavu. Zipo zinazofungua mabawa na kuteleza kama mwewe, na zipo zinazofungua panga na kuzunguka, kwa njia ileile ya mbegu zenye bawa zinazoshuka zikizunguka kutoka mtini. Hizo mbili za mwisho ni nzuri kutazama na ngumu kujenga. Anayeanza tunamshauri asizikaribie.

Roketi kubwa za wapenzi wa mchezo huu, zinazopanda kilomita moja na zaidi, zina tatizo la upepo tulilolieleza, ila kubwa zaidi. Dawa yao ni miavuli miwili. Kileleni hufunguka kamwavuli kadogo, roketi inashuka kwa kasi bila kupeperushwa mbali. Ikikaribia ardhi, mita 150 au 200 hivi, hufunguka mwavuli mkubwa. Kazi ya kuamua haifanywi na unga unaoungua bali na kifaa kidogo cha elektroniki kinachopima shinikizo la hewa, ambalo huongezeka kadiri unavyoshuka. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta huko Juja, katika mradi wao uitwao Nakuja, ni miongoni mwa vijana wa kwetu wanaohangaika na kazi ya namna hii.

Mtihani wa yai

Tangu mwaka 2003 wanafunzi wa sekondari wa Marekani wamekuwa na mashindano ya kitaifa, na fainali hufanyika The Plains, jimbo la Virginia. Kila timu hupewa kazi ya kurusha yai bichi la kuku. Lazima roketi ifike kimo kilichotajwa, mara nyingi karibu mita 250, na ikae angani kwa sekunde zilizotajwa. Kimo na muda hubadilishwa mwaka hadi mwaka ili mtu asirudie roketi ya kaka yake. Waamuzi wakilifungua yai na kukuta ufa, ruko hilo halihesabiki.

Tunayapenda mashindano haya kwa sababu yanamlazimisha mtoto kufikiria kushuka kwa uzito uleule anaofikiria kupanda. Kupanda juu sana ni kosa. Mwavuli mkubwa sana ni kosa, maana muda unazidi. Mdogo sana, yai linakuwa kimanda.

Unaweza kujaribu nini nyumbani

Injini za baruti usijaribu kuzitengeneza. Hatusemi hivi kwa desturi ya kutoa onyo. Baruti inasimamiwa na sheria za vilipuzi katika nchi zetu, na hadithi ya wale vijana wa viberiti na mabomba ya chuma inaweza kurudiwa katika kijiji chochote. Hata injini za kiwandani zina masharti: huwashwa kwa umeme wa betri kupitia waya, si kwa kiberiti, mrushaji husimama angalau mita 4.5 kwa zile ndogo. Na isipowaka, unachomoa ufunguo wa usalama na kusubiri dakika nzima kabla ya kusogea.

Mwavuli wenyewe, hata hivyo, hauna baruti. Huo mtoto anaweza kuusoma leo. Tungesema mfuko wa plastiki, lakini mifuko ile imepigwa marufuku Rwanda, Kenya na Tanzania, na hatutaki mtu akamatwe kwa sababu yetu. Chukua kitambaa cha mwavuli wa mvua uliovunjika mbavu. Kata duara la sentimita 30, funga nyuzi nane zenye urefu unaolingana na kipenyo, mwisho wake funga limau. Chandarua chakavu hakifai, hewa inapita.

Mtu mzima apande mahali pa juu palipo salama, kama ghorofa ya shule, na kuangusha. Mwingine awe chini na saa ya simu. Pima kimo kwa kamba, gawa kwa sekunde, utapata kasi. Kisha rudia kwa duara la sentimita 15, halafu lile kubwa ukiwa umelitoboa katikati. Mtoto wa darasa la sita akiona mwenyewe kwamba mwavuli nusu unaleta kasi mara mbili hatakaa aisahau hesabu hiyo. Usione huu ni mchezo mtupu: nchini Rwanda, tangu mwaka 2016, ndege zisizo na rubani za kampuni ya Zipline hudondosha damu na dawa kwenye hospitali na vituo vya afya kwa miavuli ya karatasi.

Turudi Mukuku

Sasa jibu la lile swali. Roketi ndogo hufungua mwavuli kileleni, ikiwa imesimama. Kipande kilichofika kwenye mzunguko wa dunia hakina kilele cha namna hiyo. Kinakwenda karibu kilomita 28,000 kwa saa, na kikianza kuingia kwenye hewa kinapata joto la kuyeyusha chuma. Mwavuli ungeungua kabla haujakunjuka. Vyombo vinavyobeba watu hurudi kwa mwavuli, ni kweli, lakini kwanza hupunguzwa kasi na ngao nzito ya joto, na ngao hiyo hailipi kwa pete ya chuma isiyo na kazi tena. Hesabu ya wenye roketi ni kwamba vipande hivyo vitaungua angani au vitaangukia baharini. Mara nyingi huwa hivyo.

Vipande ambavyo havifiki kasi hiyo huokolewa. Roketi mbili za pembeni za chombo cha Marekani cha Space Shuttle zilikuwa zikishuka Bahari ya Atlantiki, kila moja kwa miavuli mikubwa mitatu, na meli zikazivuta hadi pwani. Siku hizi Falcon 9 husimamisha kipande chake cha kwanza kwa moto wa injini, ikafanikiwa kukitua mara ya kwanza Desemba 2015. Kote huko bei ya chombo ndiyo iliyofanya mwenye nacho atake kukirudisha.

Ikitokea kitu cha namna hii kwenu, kisiguswe na wala kisipakiwe kwenye toroli kupelekwa kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Huenda bado ni cha moto, na baadhi ya matangi ya vyombo vya angani hubaki na mafuta yenye sumu. Waondoeni watoto na mifugo, piga picha kwa mbali, kisha mpigie chifu, mwenyekiti wa kijiji au kituo cha polisi. Ukishamaliza hapo, tupigie na sisi.